Barua kwa binti yangu kabla ya mkutano wa Jumatatu

Kaloleni, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Tangu uliposema Jumapili, ukiwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, kwamba ukishapewa idara utaanza na "wazee wanaoturudisha nyuma", sijalala vizuri. Cheo hicho kimenifurahisha mno na majirani wote wameshasikia habari zako kutoka kwangu. Lakini neno hilo halikunipendeza, tena limetoka kinywani mwa mtu aliyesomeshwa kwa mshahara wa mzee wa mashine.

Yule opereta wenu wa mashine kubwa ya kuchapisha, nakusihi, usimseme mbele ya watu. Unasema hajui kujaza ripoti ya zamu kwenye simu, nami nakubali kwamba jambo hilo linachelewesha kazi. Hata hivyo, Julai ikifika na baridi, karatasi zikavuta unyevu, ni nani mwingine kiwandani atakayepitisha kidole gumba ukingoni mwa rimu na kusema kwamba karatasi hizi zingoje kwanza, kwa kuwa zikipita mashinini sasa rangi hazitalingana? Mtu kama huyo ukimwaibisha Jumatatu hatagombana nawe. Atanyamaza, na siku ya kustaafu ataondoka na ujuzi wake wote. Mwite kando, umwamkie, kisha umwombe amfundishe kijana mmoja kuzijua karatasi, na kijana naye amfundishe kujaza ripoti. Nimeona mpango wa namna hiyo ukifaulu pale tu ambapo mzee aliombwa. Alipoamriwa, haukudumu hata wiki mbili.

Kuhusu vijana wako, ambao pia unawalalamikia kwamba hawana moyo wa kazi na kila mara wanatafuta pengine pa kwenda, anza kwa kuisoma mikataba yao. Sisi tuliajiriwa kwa masharti ya kudumu na tulijua pensheni ipo. Kijana anayepewa miezi mitatu mitatu hawezi kuipenda kampuni kama tulivyoipenda sisi. Mara nyingi kinachoitwa tabia ya kizazi ni masharti ya kazi tu. Wakiuliza sababu, waeleze. Wale waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Muswada wa Fedha, wengi wao walikuwa wameusoma na kuuchambua, na watu wa namna hiyo huwezi kuwaongoza kwa "fanya kwa kuwa nimesema". Kazi yao, ikiwa nzuri au mbaya, waambie siku ileile. Usiwawekee hadi tathmini ya Desemba.

Nilipokuwa nyapara kule Barabara ya Lunga Lunga, kijana mmoja aliuliza kwa nini rola zioshwe hata baada ya kazi fupi. Akapewa ufagio, akazoa vipande vya karatasi mwezi mzima. Aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu baadaye tulirudia kazi zenye dosari ambazo macho yake yangeziona mapema. Ufagio ule haukutolewa na mkurugenzi. Nyumbani pia palikuwa na mtoto aliyeuliza sana wakati wa chakula, na hakujibiwa inavyostahili.

Ikiwa unakusudia kupunguza watu, soma Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri aangalie muda wa mtu kazini, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemeka kazini, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ikiwa unamlaumu mtu kwa utendaji duni, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini akiwapo, na asikilizwe kabla ya kuachishwa. Umri haumo humo, na Katiba yetu, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya umri. Uliyajua haya chuoni. Nashangaa yamekutoka upesi hivyo.

Karo ya ndugu yako imefika, asante sana. Tangi la maji linavuja tena upande wa bomba, na mama yako anaomba dawa zake za presha kabla ya Ijumaa, kwa maana zimebaki vidonge vinne. Ukija kuzileta, uniambie umepanga kuzungumza na yule mzee wapi na saa ngapi, na iwe kabla mkutano haujaanza.

Ni mimi baba yako.