Barua kutoka Buyenzi

Swahiba wangu,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifika pamoja na dagaa wa Kigoma. Dagaa wamekwisha, barua bado naisoma. Unauliza, tena kwa hasira, imekuwaje fedha za Ulaya za visima zikaishia kwa wanajeshi. Nitakujibu kwa daftari langu la madeni, maana siasa za Brussels, yaani za Umoja wa Ulaya, mimi nilizijulia humo.

Mwaka 2016 bado nilikuwa na kile kiduka karibu na soko la Ruvumera, hapa Bujumbura. Nilikuwa na mteja mmoja, mumewe askari wa Burundi huko Mogadishu, Somalia, mtu wa kulipa bila kukumbushwa. Mwaka huo akaanza: "Niandikie." Mchele, mafuta, sabuni, mafuta tena. Ramadhani inaingia, ukurasa wake umejaa, nikamfungulia wa pili. Mume yuko lindoni, posho haiingii.

Tangu 2004 Umoja wa Ulaya ulikuwa na mfuko wa kusaidia amani Afrika, na fedha zake zilichotwa kwenye Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, kapu lile lile la barabara na visima. Silaha na risasi marufuku. Posho, chakula na mahema ruksa. Askari wa AMISOM, lile jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani Somalia, alihesabiwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali yake ikikata kama 200. Mwanzoni mwa 2016 Ulaya wakapunguza mchango wao wa posho kwa asilimia 20. Machi, kwa sababu ya ule mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, wakasimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali yetu.

Sasa posho za askari zaidi ya 5,000 zipite wapi, ikiwa njia ilikuwa hazina ya serikali ile ile waliyoinunia? Kuwaondoa askari hawakutaka, maana Mogadishu ingelindwa na nani? Serikali nayo ikatishia kuwarudisha nyumbani. Wakavutana hadi Februari 2017, Umoja wa Afrika na Bujumbura walipokubaliana malipo yapitie benki ya biashara. Muda wote huo mimi nakopesha sabuni.

Hasira yako naipokea nusu. Kuna miradi hapa ambayo nimeona kibao chake chenye nyota za Ulaya tu, mradi wenyewe sijauona. Lakini nyumba zilizoezekwa mabati kwa posho za Somalia nimezihesabu kwa macho yangu, na ada za watoto zimelipwa. Nusu ya pili ya hasira nakuachia, tena ongeza: Juni 2015 Al-Shabaab walipoivamia kambi ya Leego huko Somalia, Warundi walikufa kwa makumi. Mabati hayo yana bei ambayo haikuandikwa kwenye ripoti ya maendeleo ya mtu yeyote.

Mwaka 2021 Ulaya wakaunda mfuko mwingine, nje ya bajeti yao ya kawaida, na huo unaruhusiwa hata kununua silaha. Angalau huo hawauiti maendeleo.

Yule mama alikuja kulipa yote siku moja, noti zimefungwa kwenye kona ya kitenge. Akataka nizichane kurasa zake pale pale, akiona. Nikazichana, akaviokota vipande akaondoka navyo.

Msalimie shemeji. Na dagaa, usisahau.

Wako wa Buyenzi