Safari ya Kafue: foto za tai mzoga

Bandugu, mambo ya Kafue, parke ya banyama kule Zambia. Tai mzoga haruki mapema, anangoja jua ichemshe udongo na hewa ya moto ianze kupanda njo anafungua mabawa, kwa hiyo mulale vizuri. Manyoya yake iko nyeusi na mbingu inang'aa, kamera ikijipimia mwangaza yenyewe utapata kivuli tu, ongeza mwangaza kidogo, spidi ya kamera 1/2000 ya segonde. Ukiona shingo iko na damu na koo imevimba, ameshiba, kuruka ni kazi nguvu kwake, tubakie ndani ya motokari. Na naomba sana, musionyeshe kwenye Facebook fasi mzoga iko: majangili banatia nyama sumu juu hawa ndege bakizunguka angani banabaonyesha balinzi wa parke, mi inaniuma kabisa. Pasiporti tayari, tunapitia Kasumbalesa, pa mupaka wa Kongo na Zambia.