Ng'ombe wa maziwa ni wa wawili, na kipupwe ndicho kipindi chake

Ndugu Mhariri,

Mvua za masika zikikatika mwezi Mei, nyanda za juu za Njombe na Makete hubadilika upesi. Ukungu hulala bondeni hadi saa 3 asubuhi, mahindi husimama makavu yakingoja kuvunwa, na alfajiri za Juni na Julai sakitu huonekana juu ya majani kama chumvi iliyonyunyizwa. Palizi imekwisha, kupanda bado mbali. Kwa mke na mume wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa nyumbani, kipupwe ndiyo majira matamu kuliko yote: jua lisilochoma mchana, jioni moto, viazi na chai ya maziwa. Ndiyo pia majira ambayo ng'ombe huanza kukonda bila watu kuona, kwa sababu majani bado yapo, ila yamebaki nyuzi tupu.

Tunaandika kuomba jambo moja. Mafunzo ya ufugaji yamwite mke na mume kwa pamoja, na yafanyike Aprili na Mei, kabla nyasi hazijapoteza nguvu. Kwa kawaida mwaliko humwendea yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la kikundi, na mara nyingi huyo ni mume. Anayekata majani, kusafisha banda na kukamua alfajiri mara nyingi ni mke. Elimu inabaki kwa mmoja, kazi inabaki kwa mwingine, na ng'ombe ndiye anayelipa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokosekana katika nyumba nyingi. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu kama kilo 12 kwa siku, yaani asilimia 3 ya uzito wake. Matete mabichi yana maji karibu asilimia 80, hivyo ili apate kilo hizo 12 ni lazima ale kama kilo 60 za majani mabichi. Julai hadi Novemba hakuna kichwa cha kubeba mzigo huo kila siku, na hata kingekuwepo, majani hayapo. Ukipanga kumpa kilo 7 za nyasi kavu kwa siku na kujazia kwa mabua, maganda ya viazi na majani machache ya bondeni, kwa siku 150 unahitaji kilo 1,050. Hayo ni marobota 53 ya kilo 20. Ongeza yatakayoharibika na yatakayokanyagwa, weka 60. Mke na mume wakiijua namba hiyo pamoja mwezi Mei, hawatabishana mwezi Oktoba nani ameuza majani ya nani.

Nyasi za kukausha hukatwa zinapoanza kutoa maua, karibu nusu ya shamba likiwa limechanua. Ukisubiri mbegu zikomae utapata robota kubwa lisilo na kitu ndani, kwa kuwa chakula kimeshapanda kwenye mbegu na bua limekuwa kama mti. Subiri umande ukauke, kwenye saa 4, ndipo uanze kukata. Tandaza nyembamba, geuza mara mbili kwa siku, na jioni zikusanye vichungu vidogo ili umande wa usiku ulowanishe juu tu. Kwa jua la kipupwe huchukua siku 2 hadi 3, na ukungu ukichelewa kuondoka, 4.

Kipimo cha ukavu hakihitaji mashine. Chukua konzi moja ya nyasi, isokote kwa mikono miwili kama unayekamua nguo. Zikipinda bila kukatika na kiganja kikahisi ubaridi wa unyevu, rudisha juani. Bua likikatika kwa mlio mdogo huku majani yakiwa bado ya kijani, funga siku hiyohiyo. Ukiziacha juani zaidi zinapauka, vitamini A inapotea, na majani yanapukutika chini ukabaki na vijiti. Na ukifunga mbichi, robota hupata joto kwa ndani na kuota ukungu. Joto hilo likizidi katika rundo kubwa linaweza kuwasha moto wenyewe na kuteketeza banda. Nyasi zenye ukungu zisipewe ng'ombe, hata akizitaka. Ni sumu, na mwenye mimba anaweza kutupa.

Kufunga ni kazi ya watu wawili kweli, si kwa maneno. Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili za katani kuvuka sanduku, ncha zikining'inia nje. Mmoja anajaza, mwingine anasimama ndani akikanyaga, hasa kwenye pembe nne, kwa sababu robota lisilokanyagwa pembeni hufumuka siku ya kwanza kubebwa. Likijaa, mmoja anagandamiza kwa goti, mwingine anafunga, kisha sanduku linanyanyuliwa juu na robota linabaki. Likikanyagwa vizuri litakuwa na kilo 20 hivi. Likiwa na 12, ng'ombe wako atakula marobota mengi kuliko mliyohesabu. Msitumie kamba za plastiki. Kipande kinachoponyoka mkono hubaki katika tumbo la ng'ombe na hakitoki. Pangeni marobota juu ya chanja, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, chini ya paa, ukuta upande wa upepo.

Saileji ya mahindi, yaani mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuchachushwa bila hewa, ni nzuri zaidi kwa maziwa, ila mahindi yake hukatwa mapema, punje ikiwa haitoi tena maziwa bali inapondeka kama unga uliokandwa. Katakata vipande vya sentimita 2 au 3, shindilia kwenye mfuko mzito wa nailoni mpaka hewa yote itoke, funga, acha wiki 6 kwa baridi ya huku. Hewa ndiyo adui, na mlango wake mkubwa ni panya. Tundu moja la jino lake linaozesha mfuko kutoka ndani. Hapa paka ana thamani kuliko sumu. Sumu ya panya karibu na chakula cha ng'ombe isiwepo kabisa. Mpeni paka maziwa kidogo asubuhi kwenye stoo hiyohiyo, naye atalala juu ya mifuko. Saileji hupewa ng'ombe baada ya kukamuliwa, si kabla, maana harufu yake huingia kwenye maziwa na mnunuzi atayakataa.

Jambo ambalo linatugusa zaidi ni la joto la ng'ombe, yaani wakati anapotaka dume. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila siku 21 hivi, na joto lenyewe halidumu hata siku nzima, kati ya saa 12 na 18 tu. Mwenye kundi ataona ng'ombe huyo akipandwa na wenzake. Mwenye ng'ombe mmoja hana dalili hiyo. Anachoweza kuona ni ng'ombe kulia bila njaa, kuacha chakula, maziwa kushuka ghafla, na ute mwangavu unaoning'inia nyuma kama ute wa yai bichi. Dalili hizi mara nyingi hujitokeza usiku na alfajiri. Anayeziona ni aliye bandani saa 11 alfajiri ameshika ndoo. Akiziona asubuhi, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kumpandikiza ng'ombe mbegu za dume, anatakiwa jioni. Akiziona jioni, kesho yake asubuhi. Sasa, ikiwa simu na fedha viko kwa mume naye ameshatoka, na mke haruhusiwi kuamua, siku 21 zimepotea. Ikitokea mara tatu, ni miezi miwili ya ng'ombe kula bila mimba, na mimba yenyewe ni miezi 9. Dawa yake ni daftari linaloning'inia bandani, lenye tarehe ya joto, ya kupandishwa na ya kutarajia kuzaa, pamoja na fedha ya mhimilishaji iliyotengwa mahali ambapo wote wawili wanapajua. Kila mmoja awe na namba yake ya simu.

Kukamua nako kuwe kwa wawili. Ng'ombe huachia maziwa kwa homoni inayofanya kazi dakika chache tu baada ya kuoshwa kiwele. Akiogopa mkono mgeni, anayafunga. Mke akijifungua au akisafiri, mume ambaye hajawahi kushika chuchu atarudi na nusu ndoo na teke la paja. Kipupwe ndipo pa kuzoeana: mke asubuhi, mume jioni, maneno yaleyale ya upole, ndoo ileile. Osha kwa maji vuguvugu, kausha kwa kitambaa safi, kamua kwa kuminya kwa kiganja badala ya kuvuta, kisha paka mafuta ya kukamulia. Chuchu ikiachwa na unyevu kwenye upepo wa Julai hupasuka, vidudu huingia, na ugonjwa wa kiwele huanza hapo.

Maji nayo. Ng'ombe anayekula nyasi kavu anahitaji maji mengi kuliko anayekula mabichi, lakini maji ya baridi kali anayanusa na kuyaacha. Anayetoa lita 10 za maziwa asipungukiwe lita 60 kwa siku. Jaza beseni asubuhi lipigwe na jua, mpe saa 6 mchana. Ndama awekewe maranda makavu sakafuni na ukuta uzibe upepo hadi kimo cha mgongo wake, huku juu ukiacha wazi ili hewa ya mkojo itoke. Banda lililozibwa kote huleta kichomi kama lililo wazi kote.

Tukirudi kwenye ombi letu: maofisa ugani na vyama vya maziwa waandike majina mawili kwenye kila mwaliko. Mafunzo yawe kijijini, kati ya saa 5 na saa 8 mchana, baada ya mkamuo wa asubuhi na kabla ya ule wa jioni. Yakifanyika mjini kwa siku nzima, lazima mmoja abaki na ng'ombe, na kila mtu anajua ni nani atakayebaki.

Mke na mume wafugaji,
Njombe