Malalamiko: Matembezi ya Saigon Yaliyoishia Dukani

Dar es Salaam,
14 Mei 2024

Meneja,
Idara ya Safari za Nje.

YAH: MATEMBEZI YA MIGUU JIJINI HO CHI MINH, 22 APRILI 2024

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mbali na gharama za safari nzima, mimi na mke wangu tuliwalipa shilingi 180,000 kila mmoja kwa siku moja ya kuzunguka kwa miguu na kuona maeneo ya Vita vya Vietnam katika mji ambao wenyeji wengi bado wanauita Saigon.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye ikulu ya zamani ya Vietnam Kusini, ambayo lango lake lilivunjwa na vifaru vya Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975. Mwongozaji alituambia vifaru viwili vilivyoegeshwa bustanini ndivyo vilivyoingia siku ile. Sivyo, ni vya aina ile ile tu, vyenyewe vimehifadhiwa Hanoi. Hilo nililimezea.

La paa limenikaba. Barabara ya Le Duan, nje ya ubalozi mdogo wa Marekani, alitusimamisha juani, akainua kipeperushi chenu chenye ile picha maarufu ya helikopta juu ya paa na msururu wa watu kwenye ngazi wakiukimbia mji, akanyoosha kidole juu ya ukuta: "Ni hapa." Tukaupiga picha ukuta.

Ndugu Meneja, nimefundisha historia miaka 31. Picha ile ilipigwa na Mholanzi Hubert van Es tarehe 29 Aprili 1975, na lile si paa la ubalozi. Ni la jengo la ghorofa walimokaa maofisa wa Marekani, namba 22 mtaa wa Gia Long, ambao leo unaitwa Ly Tu Trong. Mpiga picha aliandika maelezo sahihi, wahariri ndio waliokoroga. Kweli, helikopta zilitua ubalozini pia, lakini jengo lile la ubalozi lilibomolewa mwaka 1998, na picha iliyo kwenye karatasi yenu si ya huko.

Kesho yake tulikwenda wenyewe hapo namba 22. Kutoka Posta Kuu ni mwendo wa dakika chache. Ukisimama ng'ambo ya barabara, kile kibanda cha lifti juu ya paa, ambacho pichani helikopta imetua juu yake, bado unakiona. Mke wangu akakilinganisha na kipeperushi, akacheka, kisha akanuna.

Simlaumu sana yule kijana. Maneno "paa la ubalozi" mmeyachapa ninyi.

Baada ya ukuta ule tulipakiwa kwenye basi dogo (matembezi ya miguu hayo!) hadi kwenye duka la vyombo vya vanishi, tukakaa saa moja na dakika kumi tukitazama maganda ya mayai yanavyobandikwa kwenye sahani. Kazi nzuri, sikatai, ila kwenye ratiba haikuwemo. Mke wangu alinunua raba mpya kwa ajili ya siku ile. Zilirudi hotelini soli nyeupe vilevile. Makumbusho ya Masalia ya Vita, tuliyoahidiwa kwa muda wa saa mbili, tukapewa dakika 25. Tuliishia uani, kwenye ndege na vifaru vya Kimarekani. Ghorofani, kwenye picha zilizoachwa na wapiga picha waliouawa vitani, wa pande zote mbili, hatukufika.

Naomba mturejeshee nusu ya malipo ya siku ile, yaani shilingi 180,000 kwa sisi wawili. Pia mkiondoe kipeperushi hicho kabla kundi lingine halijapelekwa kwenye ukuta ule, na duka, kama lazima liwepo, liandikwe kwenye ratiba ili mteja achague mwenyewe. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha risiti, ratiba, kipeperushi, na picha ya paa la namba 22 tuliyopiga wenyewe. Mnaweza kuitumia bila malipo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, kwa niaba yangu na ya mke wangu