Walimu wa kuchora, wafundisheni watoto kuosha brashi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, jambo lenyewe linaonekana dogo lakini mwenzenu limeniuma. Mimi nachora, sio kwa biashara, nachora wikiendi nikishamaliza mihangaiko ya wiki, ndege na mitumbwi kwa staili ile aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi ya mafuta ya kawaida juu ya hadibodi. Sasa likizo iliyopita kuna sehemu hapa mtaani walikuwa wanafundisha watoto kuchora, wakaniomba brashi nikawapa 12, tena kwa furaha maana nani asiyependa watoto wachore. Baada ya wiki mbili zikarudi ndani ya kopo la maziwa. Nikatoa moja nikaigonga mezani ikalia ko! kama kijiti cha mshikaki, nywele zimegandana na rangi ya kijani mpaka ndani ya kile kichuma. Nane nimetupa.

Watoto siwalaumu hata kidogo, wao walionyeshwa kuchovya na kupaka, kuosha hawakuonyeshwa.

Watu wanadhani brashi inaharibika kwa kutumika sana. Hapana jamani, nina brashi moja ya namba 2 nimeanza nayo 2016 mpaka leo inachora jicho la ndege vizuri tu. Kinachoiua ni rangi inayopanda taratibu mpaka shingoni, pale nywele zinapoingia kwenye kichuma, ikikauka pale inakuwa kama kabari, nywele zinapanuka zinatawanyika kama ufagio wa chelewa uliochoka na mstari mwembamba hupati tena. Na watoto siku hizi wanapewa rangi ya akriliki, ni nzuri haina harufu kali na inatoka kwa maji, lakini ile ni plastiki, ikishakauka maji hayaiwezi tena, na kwa joto letu hili la Tanga ukiiacha brashi mezani ukaenda kunywa chai unarudi imeshaanza kushika.

Kuosha kwenyewe ni dakika tano. Unafuta rangi kwanza kwenye gazeti la zamani (mtanisamehe mhariri), unasuuza kwa maji ya kawaida, halafu unachukua kipande cha sabuni ya kufulia unasugulia brashi kwenye kiganja kwa kuzungusha, taratibu, huku unaminya pale shingoni kwa vidole mpaka povu litoke jeupe. Binti yangu ana miaka saba, nimemfundisha, anakaa karaini na brashi yake ananyoosha kiganja, "Baba povu bado kijani", namwambia basi bado mama, endelea, anasugua tena mpaka mara ya tatu au ya nne ndio linakuwa jeupe na anacheka mwenyewe. Kama mtoto wa miaka saba anaweza, wa darasa la sita anashindwaje?

Maji ya moto msitumie, gundi inayoshika nywele mle ndani inalegea na brashi inaanza kunyonyoka. Na ile tabia ya kuisimamisha kichwa chini ndani ya kopo la maji mpaka kesho ndio mbaya kuliko zote, ncha inapinda, mpini wa mti unavimba, rangi yake inabanduka na kichuma kinaanza kucheza. Ukishaosha inyooshe ncha kwa vidole, ilaze juu ya kitambaa, ikikauka ndio uisimamishe nywele juu.

Kwa sisi wa rangi ya mafuta maji hayasaidii, unaanza na tapentaini, na ukikosa basi mafuta ya taa, ila mafuta ya taa yanaacha utelezi kwahiyo lazima umalizie na sabuni. Thina ya magari ni kali mno, inaharibu brashi za nailoni, na petroli naomba msiiguse kabisa, mvuke wake unashika moto kirahisi na watoto wako jirani. Tapentaini iliyochafuka usiimwage mtaroni, funika kopo uliache siku kadhaa, rangi inatuama chini na ile safi ya juu unaimimina unatumia tena.

Halafu kuna wazazi wa Kiislamu wameniuliza kuhusu brashi zenye nywele nyeupe ngumu, ni kweli nyingi zinatengenezwa kwa nywele za nguruwe, wala hakuna sababu ya kuwalazimisha watoto, za nailoni zipo na kwa akriliki ndio zinafaa zaidi.

Ombi langu kwa wote wanaofundisha watoto wakati wa likizo: malizeni kuchora robo saa kabla ya muda, kila mtoto aoshe brashi aliyoishika yeye mwenyewe, mwalimu apite na kitambaa cheupe aibonyeze pale shingoni, ikiacha rangi mtoto arudi bombani. Desemba wakija tena kuniomba nitawapa, nimeshanunua nyingine kumi, na safari hii naweka na kipande cha sabuni ndani ya kopo.

Msomaji wenu,
Tanga