Kampuni ikishaondoka, kisima anabaki nacho nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hii teknolojia ya kukamata hewa ukaa viwandani na kuifukia ardhini mimi siipingi, Norway wanaifukia chini ya bahari pale Sleipner tangu 1996, na kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kinachoninyima usingizi ni sheria, tena kipengele kimoja tu, kampuni ikishaondoka ile hewa ni ya nani?

Maana haifukiwi ikae miaka mitano, inatakiwa itulie kule chini mamia na maelfu ya miaka, sasa kampuni gani iliwahi kuishi hivyo? Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya 2009 wanataka dhamana ya pesa iwekwe kabla hata ya kuanza kusukuma hewa, na kisima cha kufukia kikifungwa kampuni inabaki na mzigo kwa kawaida si chini ya miaka 20 ndio serikali ipokee, na inaacha hela ya kufuatilia kama hewa haivuji angalau miaka 30 mingine. Marekani kanuni zao za 2010 zinaanzia miaka 50 ya ufuatiliaji, ingawa msimamizi wa serikali anaweza kuipunguza. Hapo kwenye dhamana ndio penyewe, na ndipo wenye kampuni wanapolalamika zaidi eti gharama! Sasa bila dhamana, ikifilisika anayelipa si mwananchi?

Halafu watu wanadhani hewa ukaa haina madhara kwa vile tunaitoa puani. Februari 2020 bomba lake lilipasuka karibu na Satartia, Mississippi huko Marekani, hewa ile ni nzito kuliko ya kawaida basi ikatambaa chini chini mpaka kijijini, magari yakazimika injini watu wakiwa wanakimbia, 45 wakaenda hospitali na waokoaji hawakuwa wameambiwa na mwenye bomba ni kitu gani kimepasuka. Hakufa mtu, tunashukuru Mungu.

Kwa hiyo wanaoandika sheria hizi, naomba leseni isitoke mpaka visima vyote vya zamani vya mafuta na gesi kwenye eneo la kufukia vitafutwe na kuzibwa, maana hewa hupenda kupandia humo humo, na ramani ya eneo hilo iwekwe wazi kwa wanaoishi juu yake, sio ifungiwe kabatini kwa msimamizi.

Msomaji wenu wa kila siku