Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: fenobabitali, dawa za kifafa, zinakuja lini?

Shikamoo daktari. Najua una semina na ziara nyingi, ila leo utanisamehe, uvumilivu umeniisha.

Jumamosi mdogo wangu kaangukia jikoni, sufuria ya uji ikammwagikia mkono hadi kwenye kiwiko. Huyu alikaa miaka mitatu bila kuanguka, miaka mitatu daktari, kwa vidonge vya fenobabitali tu kila usiku, hadi tukampeleka kwa fundi cherehani ajifunze kazi. Halafu zahanati dawa zikakata. Njoo wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwezi, na hii dawa kila anayeuguza mtu wa kifafa anajua haiachwi ghafla, ukiikata kifafa kinarudi kwa hasira, kinamkamata mtu juu kwa juu bila kuzinduka katikati na anaweza akaondoka hivihivi. Siku ile alianguka mara nne kabla jua halijazama.

Duka la dawa wananiambia inadhibitiwa, leta cheti cha daktari. Ninayo kadi ya kliniki, eti kadi sio cheti. Sawa, sikatai kudhibiti, najua kuna wanaomeza wapate usingizi, wengine wanaichanganya na gongo, na hivyo viwili vikikutana pumzi inakata mtu kalala. Lakini kijiweni nyuma ya stendi nimeambiwa nikitaka hata leo usiku napata, hakuna anayeuliza cheti. Sasa hapo anadhibitiwa nani, mdogo wangu? Nahisi zinatokea mlango wa nyuma, au labda kuna mtu kasahau kujaza fomu ya kuagiza, sijui, mimi sio mtu wa stoo.

Na wala sio dawa ya bei. Inatibu kifafa tangu 1912. Kule Mahenge, Morogoro, Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, aliwatibu watu wa kifafa kwa hiyohiyo miaka ya 60, na barabara za enzi zile mnazijua. Sisi tuna lami.

Mwezi wa tatu ulisimama chini ya mwembe ukasema dawa za kifafa hazitakata tena. Tukapiga makofi, mama akakupa kuku. Kuku hatudai.

Nilitaka kuomba mengi, basi yaache. Likibaki kopo la mwisho tuambieni, bandikeni hata karatasi mlangoni, tutauza mahindi tuzifuate mjini. Na hizi za sasa zinakuja lini? Tarehe tu daktari. Naomba tarehe.